Mabeki Wawili, Ukuta Mmoja: Jozi Gani Ilikuwa Bora?

Msomaji, jibu maswali haya mawili bila kumwuliza jirani. La kwanza: Agosti 2025, Harambee Stars ilipoilaza Morocco 1-0 uwanjani Kasarani katika mashindano ya CHAN, nani alilitia bao lile? Najua umekwisha kujibu. Ni Ryan Ogam, na hata mtoto wa darasa la tatu analijua jina hilo. La pili: Stars ilimaliza mechi hiyo ikiwa na watu kumi, na katika mechi zake nne za kundi ilifungwa bao moja tu. Haya, wataje mabeki wawili wa kati waliosimama mbele ya kipa siku hiyo.

Kimya? Usione haya. Hata mimi nilipoulizwa swali hilo mjini Isiolo nilianza kukohoa na kutafuta sukari ambayo tayari ilikuwa kwenye chai.

Nilikuwa nimekwenda huko kumtembelea rafiki yangu wa tangu shule ya upili. Kama hujafika Isiolo, ni mji wa Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu, kila mmoja na soga zake. Zamani lami ya kutoka Nairobi ilikomea hapo, na msafiri wa Marsabit au Moyale alijifunga kitambaa usoni na kuanza safari ya vumbi. Siku hizi lami inafika hadi mpakani na Ethiopia. Lakini jioni jua likipoa, watu bado huketi nje ya hoteli ndogo ndogo wakinywa chai ya maziwa ya ngamia, ile yenye harufu ya moshi wa kibuyu, na kubishana juu ya kabumbu.

Mezani petu tulikuwa sita. Kulikuwa na mzee mmoja mstaafu wa jeshi, mwalimu wa shule ya msingi, dereva wa lori, kijana wa kidato cha tatu, rafiki yangu, na mimi. Kijana ndiye aliyeuwasha moto. Alisema anacheza namba nne katika timu ya shule yake, lakini muhula ujao atamwomba mwalimu ampeleke mbele awe mshambuliaji.

"Beki haonekani," alisema. "Ukifanya vizuri hakuna anayekutaja. Ukikosea mara moja, kijiji kizima kinakujua."

Mzee akaweka kikombe chini. "Mwanangu," akamwambia, "fowadi ni harusi, beki ni ndoa. Kwenye harusi watu hujaa. Ndoa wanaijua wawili walio ndani."

Hapo ndipo mjadala ulipoanza: ni jozi gani ya mabeki wa kati iliyokuwa bora kupita zote katika soka yetu? Nakuletea hoja kama zilivyotolewa, nawe uwe refa.

Makamu na Bobby

Mzee hakusita. Kura yake aliwapa Austin Oduor, almaarufu Makamu, na John Ogolla, ambaye wengi humwita Bobby. Hawa ni wana wa Gor Mahia iliyotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987. Kombe hilo liliitwa Kombe la Mandela, na Mandela mwenyewe wakati huo alikuwa bado gerezani. Oduor ndiye aliyekuwa nahodha. Ogolla alikuwa na jina lingine la utani, Six Million Dollar Man, lililotokana na filamu ya televisheni ya Kimarekani ya yule mtu aliyetengenezwa upya kwa mitambo baada ya ajali.

"Mzee, wewe uliwaona?" kijana akauliza kwa adabu.

"Niliwasikia," mzee akajibu, na meza nzima ikacheka.

Lakini, msomaji, usicheke haraka. Wakati huo wengi wetu tuliokuwa mbali na Nairobi tuliujua mpira kwa masikio. Redio ya Sauti ya Kenya, iliyokuja kuitwa KBC mwaka 1989, iliwekwa juu ya meza na watu wakaizunguka kama wagonjwa wanaomsubiri daktari. Watangazaji kama marehemu Leonard Mambo Mbotela walitufanya tuone uwanja ambao hatujawahi kuukanyaga. Na kwenye redio, beki hutajwa hatari inapokaribia. Ukisikia mpira umevuka katikati, unaanza kuomba. Ukisikia jina la beki wako, unapumua. Mtu aliyesikiliza mpira hivyo kwa miaka mingi anaweza kuwajua mabeki kuliko mtu aliyekwenda uwanjani akawatazama washambuliaji peke yao.

Kisha mzee akaleta hesabu. Mwaka 1979 Gor ilifika fainali ya kombe hilo hilo, ikakutana na Canon Yaoundé ya Cameroon. Ilifungwa 2-0 Nairobi, ikaenda Yaoundé ikafungwa 6-0. Mabao manane katika mechi mbili! Miaka minane baadaye ikakutana na Espérance ya Tunisia. Mechi ya Tunis iliisha 2-2, na ya Nairobi ikaisha 1-1. Gor ikachukua kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini, kwa kuwa ilikuwa imetia mawili kule kwa wenyewe.

Hebu itazame hesabu hiyo kwa makini. Wakati ubao ulipoonyesha 1-1 Nairobi, bao moja zaidi la Watunisia lingewapa wao kombe. Timu nzima, jiji zima na kila aliyekuwa karibu na redio alikuwa ananing'inia kwenye miguu ya mabeki. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara.

Vijana wajibu

Kijana hakukubali kushindwa na redio. Yeye alimtaja Musa Mohammed na Harun Shakava, pia wa Gor Mahia. Mwaka 2015, chini ya kocha Mskoti Frank Nuttall, Gor ilitwaa ligi kuu bila kupoteza hata mechi moja. Watu wanakumbuka mabao ya Michael Olunga na Meddie Kagere, alisema, lakini timu haiwezi kumaliza msimu mzima bila kushindwa kama mlango wa nyuma uko wazi.

Dereva wa lori, ambaye amewahi kupeleka mizigo hadi Dar es Salaam, akatuvusha mpaka wa kusini. Kwake yeye jozi ni Nadir Haroub na Kelvin Yondani wa Yanga. Haroub, mwana wa Zanzibar, alipewa jina la Cannavaro kwa kumfananisha na yule nahodha wa Italia aliyenyanyua Kombe la Dunia mwaka 2006. Yondani alitoka Simba akahamia Yanga mwaka 2012, na katika miaka iliyofuata klabu hiyo ikajizolea mataji ya ligi.

Mwalimu akaingilia: basi tusimsahau Mkenya wetu Joash Onyango. Alitoka Gor mwaka 2020 akajiunga na Simba, akawa anasimama na Pascal Wawa wa Ivory Coast. Katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2020/21, Simba ilicheza mechi sita na kufungwa mabao mawili tu, ikamaliza juu ya Al Ahly na kuwalaza Wamisri hao 1-0 Dar es Salaam.

"Na Afrika Kusini je?" dereva akamchokoza. Mwalimu akainamisha kichwa. Katika robo fainali Simba ile ile ilikwenda kucheza na Kaizer Chiefs ikafungwa 4-0. Ushindi wa 3-0 nyumbani haukutosha kuiokoa. Hivyo ndivyo ulinzi ulivyo, msomaji. Mechi sita za kujenga, na usiku mmoja wa kubomoa.

Hata ile kanuni ya ugenini iliyowapa Gor kombe mwaka 1987 ilikuja kuwaumiza majirani zetu. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho. Ilifungwa 2-1 nyumbani na USM Alger, ikaenda Algiers ikashinda 1-0, na bado ikakosa kombe. Yale mabao mawili iliyofungwa Dar es Salaam yalikuwa na uzito kuliko ushindi wa ugenini.

Mpaka kwenye barafu

Hapo kijana akatoa simu yake na kutuonyesha jambo lililotushangaza, hasa katika joto lile la Isiolo. Alisema ziko nchi ambako mjadala huu wa jozi za mabeki ni sehemu ya mchezo wenyewe. Nazo ni Kanada na Marekani, kwenye mpira wa magongo wa barafuni.

Usidhani mchezo huo haujafika kwetu. Jijini Nairobi hoteli ya Panari ilifungua uwanja wa barafu mwaka 2005, na timu ya Ice Lions ikazaliwa hapo. Mwaka 2018 wachezaji wake walipelekwa Kanada wakacheza mechi pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon.

Katika mchezo huo mabeki huingia wawili wawili na kutoka wawili wawili. Timu huwa na jozi tatu, na kila jozi hukimbia kwa muda usiofika dakika moja kisha ikapisha nyingine bila hata mchezo kusimama. Kwa hiyo kocha huchagua jozi kama mtu anavyochagua viatu: wa kushoto na wa kulia wapatane. Tena kila mchezaji hufanyiwa hesabu. Kwa kifupi, timu yake ikifunga yeye akiwa uwanjani huongezewa moja, ikifungwa hupunguziwa moja. Msimu wa 1976/77 beki Larry Robinson wa Montreal alimaliza na ziada ya 120. Timu yake ilipoteza mechi 8 tu kati ya 80, na ilitwaa ubingwa mara nne mfululizo kuanzia 1976 hadi 1979.

"Basi wao hawana haja ya kubishana," mzee akasema. "Hesabu iko wazi."

Lahaula, wanabishana kuliko sisi! Montreal ile ilikuwa na mabeki watatu mashuhuri: Robinson, Serge Savard na Guy Lapointe. Sasa ni wawili gani kati ya watatu hao waliokuwa jozi bora? Wengine husema achana nao wote, mtazame Duncan Keith na Brent Seabrook waliotwaa ubingwa mara tatu na Chicago, 2010, 2013 na 2015. Hesabu humwonyesha mtu mmoja mmoja. Kinachotokea katikati ya watu wawili haikioni.

Jozi ni nini hasa?

Mwalimu, kama walimu wote, alitaka tueleze maana kabla ya kuendelea. Akachukua vikombe viwili na kijiko. Vikombe ni mabeki, kijiko ni mshambuliaji. Kijiko kikija na mpira, kikombe cha kwanza kinatoka kukikabili. Kinapotoka kinaacha shimo. Kikombe cha pili lazima kisogee nyuma ya shimo hilo kabla hata ya kuitwa. Vyote viwili vikitoka, kijiko kinapita katikati. Vyote viwili vikibaki, kijiko kinapata nafasi ya kupiga. Ni lazima mmoja aende na mmoja abaki, na zamu hiyo hubadilika mara nyingi katika mechi moja bila mtu kutoa amri.

Ndiyo maana, alisema, mabeki wawili hodari si lazima wawe jozi hodari. Wote wawili wakipenda kwenda, umepata mashimo mawili.

Dereva akapinga kwa mfano mgumu. Msimu wa 1993/94 AC Milan ya Italia ilifungwa mabao 15 tu katika mechi 34 za ligi, na mabeki wake wa kati walikuwa Franco Baresi na Alessandro Costacurta. Wote wawili wakakosa fainali ya Ulaya dhidi ya Barcelona kwa sababu ya adhabu ya kadi. Watu wakasema Milan imekwisha. Wakawekwa Paolo Maldini na Filippo Galli, na Milan ikashinda 4-0. "Basi iko wapi hiyo jozi yenu?" akauliza. "Ni mpangilio wa timu nzima."

Swali zuri, na nilikaa nalo njia nzima nilipokuwa narudi. Jibu langu ni hili: Maldini na Galli walikuwa wamefanya mazoezi na wenzao wale kwa miaka mingi. Walijua shimo liko wapi. Mpangilio ni mazoea ya watu kuzibiana, nao huanza kwa watu wawili.

Siku nilipomwacha mwenzangu

Sasa, msomaji, nikuambie kwa nini mjadala huu ulinigusa.

Rafiki yangu yule, aliyekuwa mezani akinyamaza muda wote, ndiye aliyekuwa mwenzangu katika ulinzi wa timu ya shule. Mimi namba nne, yeye namba tano. Mwaka wetu wa mwisho tulicheza mechi muhimu ya wilaya. Zikiwa zimebaki dakika chache hakuna timu iliyokuwa imefunga. Kando ya uwanja walikuwapo wasichana wa shule jirani, nami nikaona huu ndio wakati wangu. Nikapokea mpira, nikampita mtu mmoja, nikampita wa pili, nikavuka katikati ya uwanja. Wa tatu akanipokonya.

Nilipogeuka, niliona mgongo wa mwenzangu akiwa peke yake mbele ya washambuliaji wawili. Alimkabili mmoja. Mmoja huyo akampa mwenzake. Bao.

Baada ya mechi mwalimu wa michezo alitukusanya akauliza nani aliyeacha nafasi yake. Nilikuwa naukaza uzi wa kiatu ambao haukuwa umelegea. Mwenzangu akainua mkono. "Ni mimi, mwalimu." Mechi iliyofuata aliwekwa benchi. Mimi nilicheza.

Kwa miaka zaidi ya 30 hatukuwahi kulizungumza jambo hilo. Nimekula harusini kwake, amenizikia mzazi, lakini bao lile lilibaki katikati yetu kama mgeni asiyetambulishwa. Jioni ile ya Isiolo, kijana aliposema beki haonekani, nilishindwa kuvumilia. Nikalisema lote mbele ya meza.

Rafiki yangu alikoroga chai. "Nilijua ni wewe," akasema. "Nilikuwa nyuma yako. Nani mwingine angeona vizuri?"

Kijana akamwuliza, "Lakini mzee, kwa nini ulikubali lawama?"

"Nilijua angetoa mmoja wetu. Nilidhani hangethubutu kunitoa mimi." Akatabasamu. "Hapo nilikosea."

Meza ikaangua kicheko, nami nikacheka nao, lakini koo lilikuwa limenikauka. Alipoona hivyo akaongeza kwa sauti ya chini kwamba mwaka ule mimi pia nilikuwa nimemzibia mara nyingi, na kwamba mara hizo anazikumbuka yeye peke yake, kwa sababu hakuna bao lililofungwa la kuzikumbusha kwa wengine.

Kura yangu

Baada ya hayo nadhani unajua kura yangu iko wapi. Nawapa Makamu na Bobby. Sitaki kuwavunjia heshima Musa na Shakava, wala Cannavaro na Yondani. Msimu wa 2015 ni jambo kubwa. Lakini katika ligi, ukiteleza Jumapili hii unaweza kurekebisha Jumapili ijayo. Katika fainali ile ya 1987 hakukuwa na Jumapili ijayo. Bao moja tu lilitosha kuwapokonya kombe, na timu ambayo miaka minane kabla ilikuwa imebeba mabao manane ikasimama imara mpaka kipenga cha mwisho.

Unaweza kupinga. Ndiyo raha yenyewe. Lakini nakuomba ufanye jambo moja leo Jumapili, baada ya chakula. Mwulize baba, mjomba au babu yako jozi yake ya mabeki ni ipi. Usimkatize kwa simu. Magazeti ya zamani yanayo majina ya wafungaji na dakika walizofunga. Mpira uliozuiwa haukuandikwa popote. Uko katika vichwa vya watu wanaozeeka, na siku wakiondoka utaondoka nao.

Na kama wewe ni kijana unayecheza namba nne au tano, ukitamani kukimbilia mbele kila unapoona watazamaji wamejaa, mkumbuke yule unayemwacha nyuma.

Kuhusu yule kijana wa Isiolo, tulipoagana nilimwuliza kama bado atamwomba mwalimu ampeleke mbele. Akafikiri kidogo. "Nitamwuliza kwanza namba tano wangu," akasema, kisha akapanda bodaboda akaenda zake.